Uliza Muuguzi: Una uzoefu tayari, kwa nini urudi wodini kusomea RN?

Safu hii hujibiwa na muuguzi mzaliwa wa Tanga aliyeanza kazi Texas akiwa LVN, muuguzi mwenye leseni ya chini ya ile ya RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa. Sasa husimamia wanafunzi wa uuguzi wodini.

SWALI: Dada, shikamoo. Mimi ni Mkenya, naishi Arlington, Texas. Nina leseni ya LVN na nafanya kazi usiku katika nyumba ya wazee. Korido nzima iko mikononi mwangu: dawa, vidonda, sukari, mipira ya mkojo, simu kwa daktari. Nimekubaliwa kwenye programu ya kuwapandisha LVN kuwa RN katika chuo cha jamii, lakini ratiba inataka niwe hospitalini siku mbili kila wiki, saa 12 kila siku. Rafiki yangu amepata shule ya mtandaoni inayodai kwamba uzoefu kama wangu unatosha, wodi haina haja. Nina watoto wawili wadogo. Kweli nikasimame tena kufundishwa kupima presha na binti aliyeanza kazi juzi? – Mama Wawili

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na hongera sana. Nafasi uliyoipata kuna watu wameiomba zaidi ya mara moja.

Nenda wodini. Kupima presha unajua, na hakuna mwenye akili atakayekufundisha hilo. Unakwenda kwa sababu leseni unayoitafuta inakupa wajibu mwingine, na wajibu huo haufundishiki ukiwa peke yako mbele ya kompyuta saa nane ya usiku.

Sheria ya Texas yenyewe imeutenganisha vizuri. Kwa mujibu wa Bodi ya Uuguzi ya Texas, LVN hufanya tathmini yenye mipaka: anamwangalia mgonjwa kuhusu tatizo linalojulikana, anakusanya taarifa, anaripoti. Hufanya hivyo chini ya usimamizi wa RN, daktari au mwingine anayeruhusiwa kisheria. RN hufanya tathmini kamili ya mgonjwa mzima, anaamua tatizo la kiuguzi ni lipi, anaandika mpango wa huduma na kuubadilisha hali ikibadilika. Ukishapata RN, yule uliyekuwa ukimpigia simu ni wewe.

Nikupe mfano. Nilikuwa na mwanafunzi, LVN wa miaka mingi, mwenye mikono mizuri kuliko wauguzi wengi ninaowajua. Alipewa mgonjwa aliyepasuliwa tumbo siku chache nyuma. Kufika saa nne asubuhi alikuwa amemaliza dawa zote, amebadilisha bandeji na kuandika kila kitu: mapigo ya moyo 118, pumzi 26 kwa dakika, joto 38.4, presha bado inaridhisha, mkojo kwenye mfuko mililita 60 tangu saa moja. Kila namba ilikuwa sahihi na ipo mahali pake. Nikamuuliza, "Unadhani mwili wa huyu mgonjwa unapambana na nini sasa hivi?" Akanijibu, "Nimeshamwambia nesi wake."

Sikumlaumu. Kwa leseni aliyokuwa nayo, alikuwa ametimiza wajibu. Lakini RN anatakiwa kuzisoma namba hizo kwa pamoja. Moyo unakimbia, pumzi zimepanda, homa ipo, na mkojo ni mililita 20 kwa saa wakati kwa mtu mzima tunaanza kuingiwa na wasiwasi ukishuka chini ya 30. Presha haijaanguka kwa sababu mwili bado unajitetea. Mtu huyo huenda maambukizi yameshaingia kwenye damu, pengine kuna mshono ndani umevuja, na anayengoja presha ishuke ndipo aite daktari atakuwa amechelewa. Tulirudi kitandani pamoja. Tukagusa tumbo, lilikuwa gumu. Tukashika miguu, ilikuwa ya baridi. Kisha tukapanga maneno ya simu: mgonjwa ni nani, amefanyiwa nini, nimeona nini, nashuku nini, naomba nini. Nesi wa mgonjwa alipiga simu na kumwachia mwanafunzi wangu aeleze, na maagizo akayapokea nesi mwenyewe, maana mwanafunzi haruhusiwi kupokea maagizo ya daktari kwa simu. Sauti ilimtetemeka mwanzoni. Alipofika kwenye "nashuku", ilikuwa imetulia.

Hicho ndicho unachokifuata wodini: kusema "nashuku" mbele ya mtu anayejua zaidi yako, na kubaki hapo umtazame mgonjwa mpaka uone kama ulikuwa sahihi. Na mtihani wa leseni umekwenda huko huko. Tangu Aprili 2023 NCLEX imebadilika. Unapewa kisa kizima cha mgonjwa, maandishi ya wauguzi, vipimo vya maabara, kisha unaulizwa kipi kina maana, kipi kina haraka, utafanya nini kwanza, na utajuaje kama kimefaa. Maswali ni kati ya 85 na 150, ndani ya saa tano. Mwanafunzi aliyejibu maswali ya namna hiyo kando ya kitanda hukutana nayo kama watu anaowafahamu.

Utasikia pia habari za simulesheni, yaani chumba chenye mwanasesere anayepumua na kutoa jasho. Baraza la Kitaifa la Bodi za Uuguzi la Marekani lilichapisha utafiti mwaka 2014 ulioonyesha kwamba hadi nusu ya saa za wodini zinaweza kufanywa kwa simulesheni iliyoandaliwa vizuri, na wahitimu wasipungukiwe. Naunga mkono kwa moyo wote. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua huenda usimkute siku zako za wodi ya wazazi, na ni heri mara ya kwanza umkute kwenye mwanasesere. Lakini nusu ya pili naitetea kwa nguvu ile ile. Mwanasesere hana harufu ya kidonda kilichooza. Hamfichi nesi kiasi cha pombe anachokunywa. Hana binti mlangoni anayeuliza kama baba atapona.

Sasa hiyo shule ya rafiki yako. Kusomea uuguzi kwa masafa si jambo jipya na si lazima uwe utapeli. Chuo kinachojulikana zaidi kwa njia hiyo ni Excelsior, cha Albany, New York. Kwa miaka mingi kiliwapokea LVN, paramediki wa ambulensi na wahudumu wa afya wa jeshini, wakasoma wenyewe, kisha wakapimwa mwishoni mwa wiki moja ngumu hospitalini, kwa wagonjwa wa kweli, msimamizi akiwafuata hatua kwa hatua. Wahitimu wake wengi ni wauguzi hodari. Hata hivyo California iliamua kwamba walioandikishwa kuanzia tarehe 6 Desemba 2003 haiwapi leseni kwa njia hiyo, kwa sababu hawakupata mafunzo ya wodini yanayokwenda sambamba na darasa. Kwa hiyo hata shule halali inaweza kukufungia jimbo zima. Nayo California ina njia yake ya LVN kusoma yuniti 30 tu na kufanya mtihani wa RN bila kupata digrii, lakini majimbo mengine hayaitambui. Ukihama umekwama.

Halafu kuna zile ambazo si shule kabisa. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 kwa kuuza diploma na rekodi za masomo za uuguzi kupitia shule tatu za kusini mwa Florida, diploma zaidi ya 7,600. Walionunua walikuwa wahamiaji wengi kama sisi, na baadhi yao walikuwa tayari na leseni ya ngazi yako, wamechoka na zamu za usiku, wameambiwa "wewe una uzoefu, karatasi tu imebaki". Wapo waliofaulu NCLEX na kuajiriwa, kisha bodi za majimbo zikawafuata na kuwafutia leseni. Jamii yetu huku inapeana habari za shule kwenye harusi na kwenye magrupu ya WhatsApp, na mtu hupeleka maelfu ya dola kwa kumwamini tu aliyemwambia. Nakuomba usilipe hata dola moja kabla hujaingia kwenye tovuti ya Bodi ya Uuguzi ya Texas ukaitafuta shule hiyo kwenye orodha ya programu zilizoidhinishwa. Hapo hapo utaona asilimia ya wahitimu wanaofaulu NCLEX mara ya kwanza. Texas inazitaka shule zifikishe 80. Tazama na ithibati pia, ya mashirika yanayokagua shule za uuguzi kama ACEN au CCNE. Shule ikishindwa kukuonyesha hata moja, na ikiwa inakwepa swali la "nitakwenda hospitali gani na nani atanisimamia?", achana nayo.

Kuhusu watoto na usingizi, hapa naongea na wewe kama dada. Usitoke zamu ya usiku ukaingia wodini asubuhi. Usiruhusu hilo litokee hata kama pesa ya kodi imepungua. Mtu ambaye hajalala husoma 0.5 akaona 5. Mwone meneja wako sasa, kabla muhula haujaanza, umwombe wikendi tu, au uwe PRN, yaani wa kuitwa kazi inapotokea, kwa muda. Nyumba za wazee zina uhaba wa wauguzi, atakusikiliza. Chuo cha jamii ada yake kwa mkazi wa kaunti ni ndogo, na nafuu hiyo ndiyo itakayokuwezesha kupunguza zamu. Waambie shangazi na kina mama wa kanisani siku zako mbili ni zipi, wazipange kama wanavyopanga zamu ya kumpikia mzazi.

Nguvu zako zipeleke kwa watoto, wazazi na wagonjwa wa akili. Umekaa na wazee, wazee unawajua. Mtoto hupimiwa dawa kwa kilo za mwili wake, na mtihani wa hesabu za dozi shule nyingi huuweka mwanzoni mwa muhula na alama ya kufaulu iko juu sana. Anza hizo hesabu leo.

Na huyo binti aliyeanza kazi juzi, msalimie kwa heshima na umuulize aliwaza nini alipoamua kumwita daktari saa ile. Ana jambo la kukufundisha ambalo miaka yako kwenye korido haikukupa nafasi ya kulifanya.

SWALI: Mama, jambo. Mimi ni Mkongo, nimekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, sasa niko Abilene, Texas. Ni paramediki, nafanya kazi kwenye ambulensi. Nimeingia programu ya kuwa RN. Juzi mwalimu ameandika kwamba "huduma yangu haijakamilika". Mimi nimewaingizia watu mpira wa hewa kandokando ya barabara usiku, mvua inanyesha! Hapa wodini siruhusiwi hata kutoa dawa ya maumivu bila kuuliza. Wananidharau? – Mwana wa Kigoma

JIBU: Jambo, mwanangu. Hawakudharau. Kazi yako ya barabarani ni kubwa na siku moja idara ya dharura itakugombania.

Tazama mamlaka yako yanatoka wapi. Kwenye ambulensi unafanya kazi kwa niaba ya daktari msimamizi wa huduma yenu. Ameandika miongozo: moyo ukisimama toa epinefrini, sukari ikishuka toa dekstrosi. Agizo lipo kabla mgonjwa hajaumwa. Wodini agizo ni la mgonjwa mmoja mmoja, na wewe kwa sasa ni mwanafunzi. Cheti chako cha paramediki hakivuki mlango wa wodi pamoja nawe. Hata mgonjwa akizidiwa mbele yako na koo lake unaliona vizuri, usiingize mpira. Ita timu, mfungue njia ya hewa kwa mikono, mpe hewa kwa mfuko na barakoa, endelea mpaka wafike. Wanafunzi waliotoka kwenye ambulensi huliona hili gumu kuliko mtihani wowote, nami nalisema mapema kwa kila mmoja wao.

Kisha kuna muda. Wewe umezoea kumshika mtu nusu saa, umtoe kwenye kifo, umkabidhi. RN anakaa naye saa 12, na wenzake wanne au watano. "Huduma haijakamilika" mara nyingi ina maana hii: ulimwona mgonjwa hayuko hatarini, ukaridhika. Je, alipinduliwa kila saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia? Mdomo ulisafishwa? Potasiamu ya asubuhi uliiangalia kabla ya kumpa dawa ya kukojoa? Anajua kwa nini anaimeza? Mrudie mwalimu, umwombe akuonyeshe ni kipi kilichokosekana, na umwombe bila hasira.

Kitu cha kushika kwanza ni kumfundisha mgonjwa anayekwenda nyumbani. Chukua mgonjwa wa moyo uliochoka, ambaye umembeba mara nyingi akiwa anazama kwa maji kwenye mapafu. Wodini kazi yako ni kuhakikisha hukutani naye tena barabarani. Mfundishe kujipima uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai, kwenye mizani ile ile. Akiongezeka paundi tatu kwa siku moja au tano kwa wiki, apige simu kliniki siku hiyo hiyo. Mwonyeshe chumvi ilivyojificha kwenye supu ya kopo. Mwambie akurudishie maelezo kwa maneno yake mwenyewe, na akikosea anza upya. Nimeona paramediki wakishika jambo hili vizuri kuliko wanafunzi wote, kwa sababu wameona kinachotokea mtu asipofundishwa.

Na jambo moja ulitarajie. Hapo Abilene kuna Wakongo wengi, na nesi atakuona unaongea Kiswahili akuite utafsiri mgonjwa asaini fomu ya upasuaji. Msalimie mgonjwa, mtulize, mletee maji kama anaruhusiwa kunywa. Lakini maelezo ya upasuaji na ridhaa yapitie kwa mkalimani aliyehitimu, wa simu au wa video. Sheria ya Marekani inampa mgonjwa haki hiyo bila malipo, na wewe mwanafunzi hutakiwi kubeba mzigo huo.

SWALI: Hospitali tutakayofanyia mafunzo inataka kipimo cha TB. Nilichomwa sindano ya ngozi, mkono ukavimba, wakaniambia nina TB. Sikohoi, sijapungua uzito. Nitaondolewa kwenye programu? – Binti wa Tabora, Houston

JIBU: Tulia. Wengi wetu tulichanjwa BCG tukiwa wachanga, lile kovu la begani, na chanjo hiyo inaweza kuifanya ngozi ivimbe kwenye kipimo hata kama huna vijidudu vya TB. Omba kipimo cha damu kiitwacho IGRA, ambacho hakidanganywi na BCG. Wataalamu wa afya wa serikali ya Marekani wanakipendelea kwa watu waliochanjwa. Kikitoka kizuri, umemaliza. Kikionyesha maambukizi, utapigwa picha ya kifua, na picha ikiwa safi na huna dalili, maana yake vijidudu vimelala, huwaambukizi wengine, na utashauriwa dawa za kuzuia. Usizikatae, zinakukinga wewe. Shule zinajua hali hii na hazimfukuzi mtu kwa ajili yake. Chanjo ya homa ya ini aina ya B nayo usiichelewishe. Texas inataka umalize dozi zote kabla hujamgusa mgonjwa, na dozi hizo huweza kuchukua miezi.

SWALI: Nilimaliza chuo cha tiba cha KMTC, Kenya, nikawa KRCHN, yaani muuguzi aliyesajiliwa, nikafanya kazi Eldoret, kisha nikaja Dallas. Sasa nawaosha wazee kama CNA, yaani msaidizi wa muuguzi. Watu wananiambia nianze na LVN ndipo nipande hadi RN. Ni kweli? – Nesi wa Eldoret

JIBU: Usianze na LVN. Wewe ni muuguzi uliyesajiliwa kwenu, na Texas inayo njia ya watu kama wewe kuomba moja kwa moja kufanya NCLEX-RN. Inaniuma kila ninapokutana na KRCHN anayelipa ada ya miaka kadhaa kurudia alichokwisha kukisoma, kwa sababu tu aliyempokea uwanja wa ndege alipitia njia hiyo.

Utahitaji tathmini ya masomo yako kutoka kwa taasisi inayokubaliwa na bodi. Wengi hutumia CGFNS, ambayo sasa inaitwa TruMerit. Wanaangalia kama ulisoma darasani na pia kufanya mafunzo ya wodini katika maeneo yote: watu wazima, upasuaji, watoto, uzazi na afya ya akili. KRCHN wengi hukuta yote yamo, maana wodi za Kenya hazikuwabania kazi. Eneo moja likipungua, utasoma hilo tu. Kuna pia alama za vidole na mtihani mfupi wa sheria za uuguzi za Texas, na huenda ukatakiwa mtihani wa Kiingereza. Ukishapewa ruhusa, unalipia NCLEX dola 200 na kuchagua siku.

Rekodi za masomo lazima zitoke chuoni kwenda kwa watathmini moja kwa moja, na uthibitisho wa leseni utoke Baraza la Wauguzi la Kenya, Nairobi. Ukizituma mwenyewe hazipokelewi. Ukiwa na ndugu anayeweza kufika ofisini na kufuatilia, mwandikie barua ya idhini wiki hii, umpe namba yako ya usajili na mwaka uliohitimu. Endelea na kazi ya CNA wakati unangoja, na jioni anza maswali ya NCLEX, ukianzia yale ya kugawa kazi kwa LVN na CNA, kwa sababu huo mgawanyo wa Marekani kwenu haukuwepo na ndipo wauguzi wa Kenya wanapopoteza alama.